Mwenyewe Hayupo: Maisha ya Siddhartha Gautama na Suala la Nafsi, kwa Mfano wa Tembe la Singida

1.0 Utangulizi

Kuandika wasifu ni kudai kwamba yuko mtu mmoja aliyezaliwa, akaishi na akafa, na kwamba mtu huyo ni yule yule tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Siddhartha Gautama, ambaye dunia inamjua kwa lakabu ya Buddha, yaani Aliyeamka, alitumia miaka 45 kuwafundisha watu kulitilia shaka dai hilo. Kwa sababu hiyo anayeandika habari zake hukabiliwa na tatizo ambalo halimsumbui anayeandika habari za mfalme au za mshairi: mhusika mkuu mwenyewe alikana kwamba ndani yake mlikuwa na mhusika mkuu.

Kwa Kiswahili tatizo hilo huongezeka. Njia ya mkato ya kulieleza fundisho lake ni kusema kwamba Buddha alikana nafsi. Msikilizaji wa Kiswahili, awe Mwislamu, Mkristo au mfuasi wa dini ya jadi, husikia katika maneno hayo kwamba Buddha alikana roho, au alikana utu, au alifundisha kwamba mwanadamu si kitu. Kutokana na hapo huzuka swali ambalo kila mwalimu wa falsafa amelisikia darasani: kama hakuna nafsi, nani atawajibika kwa matendo yake? Swali hili ni zito, na mtu aliyeuawa jirani yake ana haki ya kuliuliza. Makala haya yanasimulia maisha ya Gautama kwa kusudi la kuonyesha kwamba swali hilo, kwa sehemu kubwa, linatokana na uteuzi wa istilahi, na kwamba Kiswahili kinalo neno lingine linalofaa zaidi. Neno hilo ni mwenyewe.

Somo lenyewe si geni kabisa nchini Tanzania. Katika eneo la Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu la Wabudha lililoanzishwa na wahamiaji Wasinhala kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Hata hivyo mifano itakayotumiwa hapa haitatoka Upanga bali Singida. Mfano mashuhuri wa Wabudha katika suala hili ni gari la kukokotwa na farasi, chombo ambacho hakikuwa sehemu ya maisha ya kila siku katika bara la Tanzania. Nyumba ya tembe, ambayo Wanyaturu na majirani zao wameijenga kwa vizazi vingi, inaweza kuifanya kazi hiyo hiyo, na pengine kuifanya vizuri zaidi.

2.0 Kijana wa Wasakya

Gautama alizaliwa Lumbini, katika nchi inayoitwa Nepal hivi leo, karibu na mpaka wa India. Mwaka 1896 ilitambuliwa huko nguzo ya jiwe ya mfalme Ashoka, wa karne ya 3 K.K., yenye maandishi yanayosema kwamba hapo ndipo alipozaliwa Buddha. Mahali basi hapana utata mkubwa. Utata uko kwenye miaka. Wataalamu wa zamani walizoea kutaja 563 hadi 483 K.K., lakini watafiti wengi wa siku hizi wanaisogeza tarehe ya kifo chake hadi karibu na mwaka 400 K.K.

Masimulizi ya baadaye yanamfanya baba yake, Suddhodana, kuwa mfalme mkuu. Ushahidi wa matini kongwe hauelekei huko. Wasakya walikuwa jamii ndogo iliyoamua mambo yake katika baraza la wakuu wa koo, huku ikiwa chini ya dola kubwa zaidi ya Kosala, na Suddhodana huenda alikuwa mmoja wa wakuu hao tu. Msomaji anayezijua habari za Wanyaturu kabla ya ukoloni, ambao hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote, hataona ajabu kwamba watu waliokuja baadaye walimtafutia baraza hilo mfalme. Wageni wengi hushindwa kuamini kwamba watu waweza kuishi kwa utaratibu bila mtawala mmoja wa juu. Jambo hilo litarejea hapa chini kwa sura nyingine.

Mama yake, Maya, alifariki siku 7 baada ya kujifungua. Mtoto alilelewa na Mahapajapati Gotami, ambaye alikuwa mdogo wake Maya na vilevile mke wa Suddhodana. Kwa Kiswahili huyo alikuwa mama mdogo kwa maana zote mbili za neno hilo. Gautama alioa, akapata mtoto wa kiume, Rahula, na alipofika umri wa miaka 29 aliondoka nyumbani.

Kisa kinachojulikana sana ni kwamba alitoka nje ya jumba lake akaona mzee, mgonjwa, maiti na mtawa, na kwamba mambo hayo manne yalimshtua kwa sababu baba yake alikuwa amemficha. Kisa hiki ni kizuri, lakini katika matini za Kipali zilizo kongwe zaidi kinasimuliwa juu ya Buddha mwingine wa zama za kale, Vipassi, wala si juu ya Gautama. Juu yake Gautama matini hizo zinasema jambo la kawaida zaidi na kwa hiyo la kuaminika zaidi: kwamba akiwa bado kijana mwenye nywele nyeusi alinyoa nywele na ndevu, akavaa nguo ya utawa na kuondoka huku wazazi wake wakilia. Aidha inasimuliwa kwamba alitafakari jinsi watu wanavyowachukia wazee na wagonjwa ilhali wao wenyewe ndiko wanakoelekea, na kwamba kiburi cha ujana kikamtoka.

Alisoma kwa walimu wawili wa kutafakari, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Alifika pale walipofika wao, akakuta kwamba utulivu huo hudumu muda wa kukaa tu; akiinuka, uzee na ugonjwa vingali pale pale. Kisha alijitesa kwa njaa, pamoja na wenzake watano, mpaka mbavu zikahesabika. Hilo nalo halikufaa. Alipoanza kula tena wale wenzake walimwacha kwa kumwona amelegea. Akiwa na umri wa miaka 35, kando ya mto Neranjara mahali paitwapo Bodh Gaya siku hizi, aliketi chini ya mti na, kwa mujibu wa wafuasi wake, akaamka. Alichokielewa hapo kimeelezwa kwa njia nyingi, lakini kiini chake ni kwamba kila kitu hutokea kwa kutegemea vitu vingine, na kwamba mateso ya binadamu nayo yana masharti yake, ambayo yakiondolewa mateso hukoma.

3.0 Hotuba ya pili

Watu wengi waliosoma habari za Buddha wanaijua hotuba yake ya kwanza, aliyoitoa karibu na mji wa Varanasi mbele ya wale wenzake watano. Hotuba inayohusika hapa ni ya pili, iliyotolewa mahali hapo hapo kwa watu hao hao. Inasemekana kwamba baada ya kuisikia wote watano walikombolewa.

Hoja yake ni fupi. Mtu huundwa na mafungu matano: mwili, hisia za raha na karaha, utambuzi, misukumo ya nia, na ufahamu. Gautama aliyachukua moja moja. Kuhusu mwili alieleza kwamba kama mwili ungekuwa ndio nafsi, usingeugua, na mtu angeweza kuuamuru uwe hivi au usiwe vile. Lakini hauamriki. Vivyo hivyo hisia, utambuzi, nia na ufahamu. Kisha akawauliza kama mafungu hayo yanadumu au yanapita, na kama yanapita yanaleta raha au taabu, na kama ni yenye kupita na yenye taabu, je, yafaa kuyaita yangu, au kuyaita mimi, au kuyaita nafsi yangu? Walijibu kwamba haifai.

Yafaa kuangalia ni nini hasa kinachokanwa hapa. Hakanushi kwamba mwili upo. Hakanushi kwamba kuna kuhisi na kuwaza. Anachokikanusha ni kwamba mafungu hayo yana mmiliki mwenye amri juu yake. Neno la Kipali ni anatta. Limezoeleka kufasiriwa kwa neno nafsi likitanguliwa na ukanushi, lakini hoja yenyewe inahusu umiliki na amri. Sasa katika Kiswahili neno mwenyewe lina maana mbili ambazo lugha nyingi huzitenganisha: ni mtu yeye hasa, na ni mwenye mali. Aulizaye yuko wapi mwenyewe wa shamba hili, na asemaye kwamba alikuja yeye mwenyewe, wanatumia umbo moja, lenye asili moja katika mzizi -enye wa kumiliki. Hoja ya hotuba ya pili imejengwa juu ya uhusiano huo huo kati ya kuwa na kumiliki. Nafsi, ambalo limetoka katika Kiarabu na kubeba elimu nzima ya dini, halina uhusiano huo.

Hapa ndipo tembe linapoingia. Mtawa wa kike Vajira, katika matini kongwe, na baadaye mtawa Nagasena katika mazungumzo yake na mfalme Milinda, ambaye ni Menander, mtawala wa Kigiriki wa kaskazini-magharibi ya Bara Hindi katika karne ya 2 K.K., walitumia mfano wa gari. Nagasena alimuuliza mfalme kama gari ni ekseli, au magurudumu, au nira, au ni vyote hivyo vikirundikwa pamoja, au ni kitu kingine nje ya hivyo. Mfalme alikana kila moja, akalazimika kukiri kwamba gari ni jina linalotumika pale sehemu zinapokutana kwa mpangilio fulani.

Nyumba ya tembe ina nguzo za miti migumu zilizochimbiwa ardhini, ina boriti, fito, kuta za udongo, na paa bapa lililofunikwa kwa udongo. Katika desturi ya Wanyaturu ng'ombe walilala humo usiku, na samadi yao ilipelekwa shambani kurutubisha uwele na mtama. Nguzo sio tembe, wala boriti sio tembe. Rundo la miti na udongo lililowekwa uwanjani nalo si tembe. Hadi hapa tembe na gari ni mamoja. Lakini tembe linatoa jambo ambalo gari halitoi kwa urahisi. Mchwa hula nguzo, ikang'olewa na nyingine kuchimbiwa. Mvua huosha paa, likafunikwa upya. Ng'ombe hufa na wengine huzaliwa. Baada ya miaka 40 huenda hamna mti hata mmoja uliokuwamo siku ya kwanza. Je, nyumba ni ile ile au ni nyingine? Wakazi hawapati shida na swali hilo mpaka mwanafalsafa awaulize. Jibu la Nagasena kuhusu mtu aliyekuwa mtoto na sasa ni mzee ni kwamba si yule yule wala si mwingine, na jibu hilo, ambalo kwa mtu likisikika kama kitendawili, kwa tembe ni maelezo ya kawaida.

Zaidi ya hayo, katika utaratibu wa Wanyaturu alioueleza Harold Schneider katika kitabu chake cha mwaka 1970, nyumba haikuwa jengo tu. Kila mke alikuwa na nyumba yake, ikiwa na mashamba na mifugo iliyotengewa nyumba hiyo, na wanawe ndio waliorithi. Nyumba hiyo ilidai na kudaiwa. Ilikuwa na madeni, haki na heshima. Kwa hiyo kitu kisicho na kiini cha kudumu ndani yake kiliweza kuwajibika vizuri kabisa. Hili ndilo jibu la swali la darasani lililotajwa mwanzoni. Uwajibikaji hauhitaji kitu kisichobadilika. Unahitaji mfululizo wa sababu na matokeo unaotambulika, na tembe lina mfululizo huo kama alivyo nao mtu.

Mgeni akipiga hodi mlangoni na kuambiwa kwamba mwenyewe hayupo, haelewi kwamba nyumba ni tupu. Humo mna mama anayesaga, watoto, ndama na moto jikoni. Anaelewa tu kwamba mwenye amri hayumo. Mfano huu hata hivyo una mpaka wake, na si vyema kuuficha: katika kisa cha hodi mwenyewe ametoka na atarudi, ilhali kwa Gautama nyumba imeendeshwa bila mwenyewe tangu ilipojengwa. Kinachoitwa mwenyewe ni dhana wanayokuwa nayo wakazi.

4.0 Miaka 45 njiani

Tangu hapo hadi kifo chake Gautama alitembea kwa miguu katika uwanda wa mto Ganges, hasa katika dola za Magadha na Kosala, akikaa mahali pamoja wakati wa masika tu. Wafalme Bimbisara na Pasenadi walimheshimu. Sariputta na Moggallana walikuwa wanafunzi wake wakuu, na binamu yake Ananda alimhudumia kwa miaka mingi. Binamu mwingine, Devadatta, aliligawa kundi. Mama yake mdogo, Gotami, alimwomba awaruhusu wanawake kuwa watawa. Alikataa mara tatu, na Ananda alipoingilia kati akakubali, ingawa kwa masharti ambayo yamelaumiwa na wasomi wengi, na lawama hiyo si ya bure.

Katika miaka hiyo yapo matukio mawili yanayohusu moja kwa moja suala la makala haya. La kwanza ni la msafiri mmoja aitwaye Vacchagotta, aliyemwendea Gautama na kumuuliza kama nafsi ipo. Gautama alinyamaza. Akauliza basi kama haipo. Gautama akanyamaza tena. Mtu yule aliondoka. Ananda alipotaka kujua sababu, alielezwa kwamba jibu la ndiyo lingekuwa sawa na kuwaunga mkono wanaoamini kitu cha milele, na jibu la hapana lingekuwa sawa na kuwaunga mkono wanaoamini kuangamia. Isitoshe, Vacchagotta, ambaye tayari alikuwa ametatizika, angetatizika zaidi kwa kudhani kwamba alikuwa na nafsi na sasa amenyang'anywa. Msomi anayesema kwa Kiswahili kwamba Buddha alikana nafsi anampa Vacchagotta lile jibu alilonyimwa.

Wapo walioelewa visivyo kwa upande wa pili. Mtawa Sati, mtoto wa mvuvi, alifundisha kwamba ufahamu ule ule ndio unaohama kutoka maisha haya kwenda mengine. Alikemewa vikali. Ufahamu, alielezwa, hutokea kwa masharti, kama moto unavyoitwa wa kuni ukiwaka kwa kuni na wa majani ukiwaka kwa majani.

Tukio la pili ni la kiisimu. Watawa wawili waliotoka katika ukoo wa Kibrahmani walilalamika kwamba watu wa asili mbalimbali wanaliharibu neno la mwalimu kwa lahaja zao, wakaomba kuliweka katika lugha ya mashairi matakatifu. Gautama aliwakatalia, akaagiza kwamba neno lake lifundishwe katika lugha yake mwenyewe. Lakini yake nani? Buddhaghosa, mfasiri mkubwa wa karne ya 5, alielewa kwamba ni lugha ya Buddha. Wasomi wengi wa siku hizi wanaelewa kwamba ni lugha ya kila anayejifunza. Tungo ya Kipali ina utata, na Kiswahili, chenye kiambishi kimoja cha umiliki kwa nafsi ya tatu umoja bila kujali ni nani katika sentensi anayerejelewa, kinauhifadhi utata huo kikamilifu. Ni jambo la kufurahisha kwamba mahali ambapo mwalimu wa kutokuwapo kwa mwenyewe anazungumzia lugha, mwenyewe hajulikani ni nani.

Yeye Gautama aliendelea kusema mimi kama watu wote. Wafuasi wake waliulizwa kuhusu hilo, na jibu lao lilikuwa kwamba aliyeamka hutumia maneno ya watu bila kudanganywa nayo. Hapa istilahi ya sarufi ya Kiswahili inasaidia kuliko ilivyokusudiwa. Wanasarufi huita ni-, u- na a- viambishi vya nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nafsi kwa maana hiyo si kitu kilichomo ndani ya msemaji. Ni nafasi katika mazungumzo, na kila mtu hupita humo kwa zamu: anayesema ni wa kwanza, akiambiwa anakuwa wa pili, akitoka nje anakuwa wa tatu. Hakuna mwanasarufi aliyewahi kutafuta nafsi ya kwanza kifuani mwa mtu. Nafsi ya namna hii Gautama hakuikana hata siku moja.

Alipofikia umri wa miaka 80 alimwambia Ananda kwamba mwili wake umekuwa kama gari kuukuu linalokwenda kwa kufungwafungwa kamba. Alikula chakula alichoandaliwa na Cunda, mfua chuma, akaugua, na kabla ya kufa akaagiza kwamba Cunda asilaumiwe. Alifia Kusinara, kati ya miti miwili. Hakumteua mrithi. Majivu yake yaligawanywa mafungu manane.

5.0 Kutokuwapo kwa uwili

Mafundisho yalihifadhiwa kwa mdomo kwa karne kadhaa hadi yalipoandikwa Sri Lanka katika karne ya 1 K.K. Wakati huo huo wanazuoni waliyachambua mafungu ya mtu kuwa orodha ndefu za chembe za uzoefu, na baadhi yao wakaziona chembe hizo kuwa ndizo zilizopo kweli. Yaani mwenyewe wa nyumba alifukuzwa, lakini nguzo na boriti zikapewa umwenyewe wake.

Aliyeipinga hatua hiyo ni Nagarjuna, mtawa anayehusishwa na India ya kusini, wa karne ya 2 au ya 3 B.K. Hoja yake ni kwamba nguzo nayo ni nguzo kwa sababu inabeba boriti; ikitolewa ni gogo. Kila kitu ni kitupu, si kwa maana ya kutokuwapo, bali kwa maana ya kutokuwa na asili yake yenyewe iliyojitenga. Akaenda mbali zaidi kwa kusema kwamba kati ya mzunguko wa maisha yenye mateso na ukombozi wenyewe hakuna tofauti hata ndogo. Huku ndiko kunakoitwa kutokuwapo kwa uwili katika Ubudha. Si fundisho la Gautama kwa maneno hayo, na wanaolitia kinywani mwake wanaikosea historia, lakini limechimbuka kutoka katika hotuba ya pili.

Tahadhari inahitajika hapa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mtu aliyelelewa karibu na tarika, mathalani Kadiria iliyoenezwa na Sheikh Uways wa Barawa (1847-1909), anazijua dhana za fanaa na za umoja wa kuwapo, na atavutiwa kudhani kwamba ni jambo lile lile. Sivyo. Katika tasawwuf mja hufutika ili abakie Mola. Katika Vedanta ya Shankara, wa karne ya 8, nafsi ya mtu hugundulika kuwa ndiyo Nafsi kuu. Katika njia zote hizo mbili mwenyewe mdogo huondoka na mwenyewe mkubwa akadhihirika. Nagarjuna hakumweka yeyote mahali pa aliyeondoka. Kufanana kwa njia hizi ni kwa uzoefu na nidhamu; tofauti ni ya msingi, na anayezichanganya hamheshimu hata mmoja wao.

6.0 Jina lililobadilishwa nukta

Kisa cha maisha ya Gautama kilisafiri kuelekea magharibi kupitia Asia ya Kati na kufika Baghdad, ambako kiliandikwa kwa Kiarabu kama kisa cha Bilawhar na Budhasaf. Jina Budhasaf linatokana na Bodhisattva, yaani anayeelekea kuamka. Msomaji wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu ataiona mara moja hatua iliyofuata. Herufi ba mwanzoni mwa neno ina nukta moja chini, na ya ina nukta mbili. Mnakili akizidisha nukta moja, Budhasaf anakuwa Yudhasaf. Kwa umbo hilo jina liliingia katika Kijojia, kisha katika Kigiriki likawa Ioasaph, na katika Kilatini Josaphat. Hatimaye mwana wa mfalme wa India, aliyeacha jumba la baba yake baada ya kuona maradhi, uzee na mauti, aliingizwa katika orodha ya watakatifu wa Kanisa la Roma, akikumbukwa tarehe 27 Novemba. Ni katika karne ya 19 ndipo wasomi wa Ulaya walipothibitisha kwamba mtakatifu huyo alikuwa nani.

Katika Afrika Mashariki kisa hicho kilifika mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1553, katika utawala wa mfalme Galawdewos wa Ethiopia, Enbaqom alikifasiri kutoka Kiarabu kwenda Kigeez. Enbaqom, ambaye jina lake ni umbo la Kigeez la Habakuki, alikuwa mzaliwa wa Yemen na Mwislamu kabla ya kubatizwa. Alipanda hadi kuwa mkuu wa monasteri ya Debre Libanos, na mwaka 1540, wakati wa vita, alimwandikia Ahmad ibn Ibrahim utetezi wa imani yake mpya. Alikuwa mtu aliyezijua lugha nyingi na aliyekwisha kubadili jina, nchi na dini. Katika tafsiri yake mwana wa mfalme anaitwa Yewasef.

Yewasef huyo amebaki na mengi ya Gautama: ubashiri wa kuzaliwa kwake, baba anayemficha, matembezi yanayomfunua macho, kiti cha enzi kinachoachwa. Hotuba ya pili haimo. Mafungu matano hayamo, wala ukimya mbele ya Vacchagotta. Mahali pake pana mtawa mzee, Baralam, anayemfundisha kijana juu ya Muumba, hukumu, na roho inayopaswa kuokolewa. Na kijana huyo anapokufa jangwani, roho yake inapokewa na mwili wake unazikwa kando ya mwili wa mwalimu wake.